Kibuyu cha Sauti ya Senge Nabwile

Siku ile dukani kwa Nafula tulikuwa wanne, na nawataja wote ili mtu asije akasema nimeanza kusahau. Nafula mwenyewe, binti yangu wa nne, mwenye duka la kuchapa barua na kutoa kopi huko Kitale. Pius, mtoto wa mwisho wa senge yangu Nabwile. Senge kwetu ni dada ya baba, kwa hivyo Pius ni ndugu yangu, ingawa kichwa chake kimekuwa cheupe kuliko changu. Mama Loise, anayeuza nyanya mlango wa pili, alikuja kutoa kopi ya kitambulisho akasahau kuondoka. Na mimi, niliyetoka nyumbani Lugulu asubuhi na kikapu changu. Wa tano hakuwa na mwili. Alikuwa ndani ya kompyuta, amefunga kitambaa cheupe kichwani, anaimba.

Huyo wa tano ndiye senge Nabwile. Tulimzika kabla ya mvua za kupanda. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Rael wa kwaya alimkuta ameketi nje ya kanisa, akamwomba wimbo, akampiga video na simu na kuiweka kwenye ukurasa wake wa mtandao. Tangu mazishi, kila Jumapili baada ya ibada, Pius huifungua akamsikiliza mama yake hadi mwisho, kisha ndipo anakula. Sasa Rael alikuwa ametuma habari kwamba matapeli wameingia ukurasa wake na wanaombaomba watu kwa jina lake, na Jumatatu ataufunga wote, na kila kilichomo. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Video yenyewe Rael hakuwa nayo tena, maana simu ile ilianguka kwenye karai la maji.

Pius alisimama akiwa ameshika kofia kama mtu aliye mbele ya daktari. "Jumatatu mama anakufa mara ya pili," akasema.

"Hafi, anko," Nafula akamjibu. "Tunamsevu hapa kwa kompyuta."

"Si nipige tu hiyo kioo na simu yangu?"

"Utapata Mama Loise ndani akiuliza bei ya kopi."

"Mimi nimeuliza mara moja tu!" Mama Loise akasema, tukacheka wote, hata Pius.

Kwanza Nafula alimpigia Rael kuomba ruhusa, maana kitu cha mtu ni cha mtu hata kikiwa hewani. Sauti ya Rael ikasikika ikisema, "Chukueni, mama, chukueni, hata sitaona imepungua." Halafu Nafula akatueleza. Ile programu ya kuingilia mtandao peke yake inakuonyesha video, lakini haikupi ukae nayo. Kuna kitu kidogo unakiongeza juu yake. Yeye anakiita ekstensheni, mimi nakiita kiongezo. Alipata kimoja, akasoma, akakikataa. "Hiki kinataka ruhusa ya kuona kila kitu ninachofungua. Hapana. Mgeni haombi ufunguo wa chumba cha kulala." Akatafuta kingine, akasoma watu waliokitumia wamesema nini, akakiongeza. Pale juu pembeni pakatokea kamshale ka kijani kanaangalia chini.

"Sasa nikifinya hapa, inakuja kwetu," akasema.

Nikamshika mkono. Nilimshika kwa nguvu, hata yeye akashtuka.

"Ngoja! Ukiitoa huko, wengine watakuta nini? Edina dada yake Pius anaiangalia akiwa Bungoma. Leo si Jumatatu bado. Akifungua sasa hivi akute mahali ni patupu?"

Nafula alinitazama. Pius naye alinitazama, na nikaona kwamba yeye alikuwa anaogopa kitu kile kile lakini alikuwa anaona haya kusema. Wakati huohuo Mama Loise, ambaye mkono wake hautulii, alikuwa amefungua kibuyu kidogo nilichomletea Nafula na mbegu za malenge. Alikitoa kizibo cha gunzi la mahindi, na harufu ikatoka: moshi wa jikoni, majivu, na ule ukavu mtamu wa mbegu zilizongoja. Harufu hiyo ilinishika puani ikanirudisha nyuma miaka ambayo sitaihesabu. Nikaanza kucheka peke yangu kama mtu aliyerogwa. Kwa sababu maneno yale niliyomwambia Nafula, niliwahi kuyasema. Nilikuwa bado sijang'oa jino la mbele.

Nyumbani kwetu Lugulu, jikoni kwa kukhu Nasimiyu, mama mzaa baba, vibuyu vilining'inia juu ya moto. Kila kibuyu na kazi yake. Cha mbegu za wimbi, cha mbegu za malenge, cha maharagwe ya mwaka kesho. Kukhu alivikausha kwa moshi, akaziba mdomo kwa gunzi, na hakuna mdudu aliyethubutu. Ukimwuliza mbona hatuli zile mbegu na njaa iko, alisema, "Kilicho ndani ya kibuyu hakifi. Kimelala tu." Mimi nikalichukua neno hilo lote, zima zima, jinsi mtoto anavyochukua.

Senge Nabwile wakati huo alikuwa msichana. Alikuwa mrefu, na pengo katikati ya meno, na mikono yenye harufu ya majani ya kunde. Akiimba shambani wakati wa kupalilia wimbi, jembe lako lilienda lenyewe. Wimbo wake nilioupenda uliiita mvua kama jirani: *Mvua wee, pitia kwetu, nimekuwekea kiti.* Nilikuwa ninaangalia mlimani kuona kama mvua imesikia. Mara nyingi ilikuwa imesikia.

Siku moja alikuja karani mmoja anayeitwa Eliya, mwembamba, amevaa soksi ndefu hadi magotini. Alikuwa ametumwa kukusanya nyimbo za vijiji. Alibeba sanduku, na alipolifungua uwanjani kwetu, mahali pa kupura wimbi, tuliona magurudumu mawili madogo na utepe mwembamba wa rangi ya kahawia ukitoka gurudumu hili kwenda lile. Alimwambia senge aimbe. Senge akaimba ule wa mvua, amefumba macho. Utepe ukazunguka, ukala, ukala. Kisha karani akafinya mahali, akangoja, na senge akaanza kuimba kutoka ndani ya sanduku hali midomo yake imefungwa.

Watu walipiga vigelegele. Mimi sikupiga. Niliangalia shingo ya senge. Alikuwa ameweka mkono pale kooni, kama mtu anayetafuta kitu kilichokuwa mfukoni.

Na kesho yake hakuimba. Alienda kisimani bila kuimba, akarudi bila kuimba. Ukimwita aliitika chini chini, pumzi tu. Nikamwuliza, "Senge, mbona huimbi?" Akaweka kidole mdomoni, akatabasamu, na tabasamu lenyewe halikufika machoni.

Jambo ambalo hakuna mtu aliyenieleza ni kwamba jioni ile ya sanduku, wazee wa upande wa Kapsokwony walikuwa wamefika kwa baba, na ng'ombe wamekubaliwa. Msichana aliyeposwa, kwetu siku hizo, hakupaza sauti nje. Aliongea kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Kukhu alikuwa amemwambia hayo jikoni, na mimi nilikuwa nimetumwa kuni. Kwa hivyo nilikuwa na vitu viwili tu vya kujumlisha: sanduku lilikula sauti, na sauti haipo. Kisha nikasikia kwamba senge anaolewa baada ya kuvuna. Nikawaza, watampeleka kwa watu bila sauti. Watamrudisha. Nani atakaa na bibi ambaye sauti yake iko kwa karani?

Nilijua karani analala kwa chifu. Siku niliyotumwa chumvi dukani, nilipanda juu ya kinu, nikafungua kibuyu cha mbegu za malenge, nikazimwaga chini ya kitanda cha kukhu, nikakimbia nacho.

Bwana Eliya alikuwa ananyoa ndevu, kioo amekiegemeza kwenye dirisha. Povu lilikuwa upande mmoja.

"Unataka nini, mama mdogo?"

"Nimekuja kuchukua sauti."

"Sauti ya nani?"

"Ya senge. Ile ulibeba."

Hakucheka. Hilo nimelikumbuka maisha yangu yote, kwamba mtu mzima mwenye povu usoni hakucheka. Aliweka wembe chini. "Umekuja na cha kubebea?"

Nikainua kibuyu. Akakichukua, akakigonga na kidole, akakiweka sikioni. "Hakivuji?"

"Hakivuji. Kinaweka mbegu hata mwaka mzima."

"Basi."

Akatoa sanduku. Akaweka mdomo wa kibuyu pale sauti inapotokea, na senge akaimba, *Mvua wee, pitia kwetu*, na nikahisi kibuyu kinatetemeka mikononi mwangu kama kifaranga. Wimbo ulipofika mwisho akasema, "Ziba upesi!" Nikaziba na gunzi, nikalibana na kidole gumba.

Ningeondoka hapo ningekuwa mtoto mwenye furaha. Lakini Bwana Eliya, labda alitaka kunifundisha, akasema, "Ngoja usikie," akafinya tena. Na senge akaimba tena kutoka ndani ya sanduku.

"Umebakisha!" nikapiga kelele.

"Hapana, mtoto. Hii haiishi. Ukichukua, inabaki."

"Rudisha yote! Umenipa nusu!"

"Binti, sikiliza..."

Sikusikiliza. Hakuna kitu nilichokijua ambacho ukikichukua kinabaki. Maziwa hayafanyi hivyo, wala nyama, wala moto usipouchochea. Nilitoka pale nikilia, na nusu ya sauti ya senge kwapani, na chumvi nikaisahau. Kwa chumvi nilichapwa. Kwa mbegu zilizomwagwa nilichapwa tena, na nikachapwa vizuri. Kibuyu nilikificha ndani ya gunia la pumba.

Siku ya harusi nilichaguliwa niwe yule mtoto wa kumsindikiza bibi harusi. Tulitoka alfajiri, tukapanda kuelekea Kapsokwony, njia ikiinuka na baridi ikiinuka nayo. Tulioandamana naye nawakumbuka: Nelima binamu yangu mkubwa, aliyebeba kapu la nguo, Anjelina na Rispa, marafiki wa senge, na mimi na kibuyu. Nelima akaniuliza ndani kuna nini, nikasema mbegu. Mungu alinisamehe, kwa sababu baadaye ilionekana sikusema uongo wote.

Nyumbani kwa mume, Zakaria, walituweka ndani ya nyumba mpya yenye harufu ya udongo mbichi. Senge akaketi juu ya mkeka, kitenge hadi machoni. Wanawake wa pale wakajaa mlangoni.

"Bibi yetu, karibu chai."

Kimya.

"Bibi, umechoka na mlima?"

Kimya.

"Ai! Jamani, Zakaria ametuletea bubu!"

"Labda ulimi uliachwa Lugulu. Nani atarudi kuuchukua?"

"Arudi nao wote wawili, bibi na ulimi!"

Wakacheka, na Nelima na wenzake wakacheka pia wakiangalia chini. Huo ulikuwa mchezo wao. Bibi harusi hasemi neno kwa wakwe mpaka mama mkwe amletee kuku wa kufungua mdomo, na wanawake wa pale kazi yao ni kumchokoza aongee bure. Kila mtu kwenye nyumba ile alijua isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja alikuwa amekumbatia kibuyu. Nilisikia "arudi". Niliona mambo yote niliyoyaogopa yamefika mlangoni yakiwa yamevaa leso.

Nikaona nusu ni bora kuliko kukosa. Nikapiga magoti nyuma ya senge, nikainua kitenge, nikaweka mdomo wa kibuyu kwenye sikio lake, nikavuta gunzi.

Hakuna kilichotoka. Nikakitikisa. Bado. Nikakipindua na kukipiga chini yake kama mtu anayetoa uji ulioganda, na hapo mbegu tatu za malenge zilizokuwa zimenasa ndani zikamwagika sikioni mwa senge na mgongoni ndani ya nguo.

"We mtoto! Unanimwagia nini?" senge akasema. Kwa sauti yake yote, ile ya shambani.

Vichwa vyote vikageuka. Na pale mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe, Mama Robai, mwanamke mnene mwenye macho ya kuchekesha, na kuku mwekundu mkononi.

"Kuku bado iko kwa mkono yangu," akasema pole pole, "na mdomo imeshafunguka."

"Umetuaibisha!" Nelima akaninong'oneza, akanifinya paja. Kuongea kabla ya kuku ni bibi harusi kujitoa bure, na ukoo wake pamoja naye. Lakini mimi sikujali kufinywa. Nilikuwa nimesimama, nikilia na kucheka.

"Imerudi! Karani alibakisha nusu lakini imerudi!"

Ikabidi nieleze. Nilieleza sanduku, nilieleza utepe, nilieleza ndevu zenye povu. Kufika kwenye gunia la pumba wanawake walikuwa wameketi chini wakishikana, machozi yanawatoka, na Mama Robai ameegemea mwimo wa mlango na kuku anapigapiga mabawa. Alipopata pumzi akasema, "Kuku ni ya kufungua mdomo. Mdomo imefunguliwa na huyu. Basi." Akaniwekea kuku mikononi. Alikuwa wa moto, na moyo wake ulikuwa unakimbia kama wangu.

"Lakini tujue kama imerudi yote," Mama Robai akasema, na sasa alikuwa akimwangalia senge, si mimi. Sauti yake ilishuka. "Imba kidogo, mwanangu. Hapa ni kwako."

Senge alishusha kitenge usoni. Kisha akaimba, *Mvua wee, pitia kwetu, nimekuwekea kiti.* Mimi nilisikiliza kama mpimaji wa mahindi, nikitafuta mahali palipokatwa. Hapakuwa na mahali. Ilikuwa nzima. Na karani naye alikuwa na yake nzima sandukuni. Jambo hilo lilinishinda, nikaliacha, kama unavyoacha fundo ambalo kucha zako bado ni changa.

Miaka mingi baadaye, Zakaria akiwa amepata shamba huko Kitale na wote wamehamia, senge aliniambia jambo tukichambua mboga. "Unajua siku ile sikunyamaza kwa sababu ya desturi peke yake. Niliogopa mlima ule. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba hata kuku akija sitasema, wanirudishe. Halafu ukanimwagia mbegu." Akatupa bua kwenye karai. "Ingekuwa si wewe, Pius hangezaliwa."

Sasa Pius huyo alikuwa amesimama dukani kwa Nafula, ananisikiliza mdomo wazi. Hakuwa amewahi kusikia. Mama Loise alikuwa anafuta macho na kopi ya kitambulisho chake.

"Kwa hivyo mama," Nafula akasema, "nifinye au nisifinye?"

"Finya. Lakini Edina nimpigie kwanza akae tayari kuangalia."

Akafinya kamshale. Pakatokea orodha, video kubwa, ya kati na ndogo, akachagua kubwa. Mstari wa kijani ukaanza kujaa. Ukafika katikati, netiwaki ikaenda. Pius akakaa chini kwenye ndoo ya Mama Loise. Nafula akaanza upya, na safari hii mstari ukatambaa, ukatambaa, ukafika. Akatengeneza mahali pake ndani ya kompyuta akapaita Senge. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akachomoa ule waya wa mtandao, akatuonyesha ncha yake, ikining'inia hewani bila kushika kitu.

"Sasa hatuko kwa mtandao. Sikia."

Na senge akaimba. Sauti ilikuwa imezeeka, imekwaruza, lakini pengo la katikati ya meno bado lilikuwa linapitisha ule mluzi mdogo kwenye neno "kiti". Pius aliinamisha kichwa, kofia kifuani.

Nikampigia Edina. "Fungua. Kuna kitu huko?"

"Kuna kitu gani? Ni mama anaimba kama kawaida. Kwani nini, dada?"

"Hakuna kitu," nikamwambia. "Nilikuwa namalizia hesabu ya zamani."

Bwana Eliya, popote ulipolala, nisamehe. Ulisema kweli na povu usoni. Kuna kitu ambacho ukikichukua kinabaki, na hata kwa mbegu nilipaswa kukijua, kwa sababu kibuyu nilichomletea Nafula kimeota kutoka kwa mbegu ya kibuyu kilichoota kutoka kwa kile cha kukhu. Kukhu alitoa mbegu kwa nusu ya Lugulu na vibuyu vyake havikuwahi kuwa vitupu.

Nafula alitoa nakala tatu kwenye flashi, vidude vidogo kama kidole cha mtoto. Moja ya Pius, moja ya Edina. Yangu nimeitia ndani ya kibuyu kingine hapa nyumbani Lugulu, nikaziba kwa gunzi, nikakining'iniza, si juu ya moto maana Nafula amenikataza, ni kwenye msumari karibu na dirisha. Jumatatu Rael alifunga ukurasa wake. Jumapili iliyofuata Pius alisikiliza wimbo hadi mwisho, kisha akala.

Nimeandika nilivyokumbuka. Kama kuna mtoto wa Nelima, au wa Anjelina, au wa Rispa, aliyesikia kwa mama yake kwamba kuku alikuwa mweusi, au mbegu zilikuwa mbili, au senge alisema maneno mengine, asininyamazie kwa ajili ya uzee wangu. Aje Lugulu anisahihishe. Na aje na flashi yake, nimfungulie kibuyu achukue sauti yote. Sitampa nusu.